Kachero wa Berlin, Msitu wa Katyn na Makaburi ya Tengeru

Riwaya ya Philip Kerr iitwayo A Man Without Breath niliinunua kwa shilingi 8,000 kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza bidhaa zake kando ya barabara, mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa hapa Arusha, na niliinunua kwa sababu moja tu: maelezo ya jalada la nyuma yalitaja msitu wa Katyn. Jina hilo si geni kwa mtu aliyekulia Tengeru. Tulipokuwa watoto, njia yetu ya mkato kwenda Ziwa Duluti ilipita karibu na makaburi ya Wapolandi, yale yaliyo jirani na chuo cha mifugo. Marehemu bibi yangu, aliyekuwa msichana walipokuja, alikuwa akisema kwamba hao ndio Wazungu wa kwanza aliopata kuwaona wakilima, wakifua na kubeba kuni wenyewe. Walikotoka hakupajua vizuri. Alichokumbuka ni kwamba walikuja wanawake na watoto, na kwamba mtu akiwauliza waume zao wako wapi, walinyamaza.

Hii ni riwaya ya tisa kati ya 14 zinazomhusu kachero Bernhard Gunther, na ilitoka mwaka 2013, miaka mitano kabla ya mwandishi wake kufariki dunia. Kila moja inajitegemea, kwa hiyo asiyezisoma zilizotangulia hatapotea njia. Inatosha kujua kwamba Gunther alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kwamba alisifika kwa kukamata wauaji katika polisi ya Berlin kabla Hitler hajashika madaraka, na kwamba anawachukia Wanazi kwa moyo wote huku akivaa sare yao na kula mshahara wao. Msomaji aliyelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na utulivu wake, au na Willy Gamba wa Elvis Musiba, anayehatarisha roho kwa ajili ya nchi anayoipenda, atamwona Gunther kuwa kiumbe wa ajabu. Yeye hana nchi ya kuitetea. Wakubwa wanaomtuma ni wauaji kuwazidi wale anaotumwa kuwasaka, na analijua hilo kila anapopiga saluti. Hiyo ndiyo desturi ya aina hii ya upelelezi, ambayo Wafaransa waliipa jina la rangi nyeusi: mpelelezi ana matope miguuni sawasawa na anayemfuatilia, na hata akimkamata, mji unabaki vilevile ulivyokuwa.

Hadithi inaanza Berlin mwezi Machi 1943. Jeshi la Ujerumani limeshindwa Stalingrad mwezi mmoja uliopita, ndege za Waingereza zinadondosha mabomu, na katika mtaa wa Rosenstrasse wanawake wa Kijerumani wamesimama nje kwenye baridi wakidai waume zao, ambao ni Wayahudi, waachiliwe. Gunther sasa anafanya kazi katika Ofisi ya Uhalifu wa Kivita ya jeshi. Ofisi hiyo ilikuwapo kweli. Iliundwa mwaka 1939 kukusanya ushahidi wa makosa ya kivita waliyotenda maadui wa Ujerumani. Maadui peke yao, bila shaka. Kisha habari zinafika kutoka Smolensk, mji wa Urusi ambao Wajerumani waliuteka mwaka 1941: kwenye msitu wa Katyn, kiasi cha kilomita 20 magharibi mwa mji huo, kuna makaburi ya halaiki, na inasemekana waliomo ni maofisa wa jeshi la Poland waliouawa na polisi wa siri wa Stalin. Waziri wa Propaganda, Joseph Goebbels, anaitamani habari hiyo kwa udi na uvumba, kwa kuwa ikithibitika itawagombanisha Wasovieti na washirika wao wa Uingereza na Marekani. Jina lenyewe la kitabu, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mtu Asiye na Pumzi, limechukuliwa kwenye maneno ya huyo huyo Goebbels kwamba taifa lisilo na dini ni kama mtu asiye na pumzi. Majenerali nao wanaitaka, kwa matumaini kwamba dhambi ya jirani itapunguza uzito wa dhambi zao. Uchunguzi lazima uonekane safi, na kwa hiyo anatafutwa mtu anayeijua kazi.

Kerr alikuwa na bahati ya kupata kisa ambacho historia ilikwisha kukipanga kama fumbo la kipelelezi, na sehemu bora za riwaya ni zile anapoliacha fumbo hilo lijieleze lenyewe. Maiti ni elfu kadhaa, lakini washukiwa ni wawili tu, yaani dola mbili zilizoushika msitu huo kwa zamu: Wasovieti hadi Julai 1941, Wajerumani baada ya hapo. Kesi nzima inaning'inia kwenye tarehe. Kama watu hawa walikufa Aprili au Mei 1940, muuaji ni Stalin. Kama walikufa mwishoni mwa 1941, muuaji ni Hitler, na aliyewatuma wachunguzi ndiye mshtakiwa. Ushahidi ulikuwa mifukoni mwa wafu: barua, shajara na vipande vya magazeti, wala hakuna karatasi iliyopatikana yenye tarehe ya baada ya Mei 1940. Ulikuwa pia juu ya makaburi, kwa sababu misonobari michanga ilikuwa imepandwa kuyaficha, na mtaalamu wa misitu aliweza kuhesabu miduara katika mashina yake na kusema ilihamishiwa pale lini. Halafu likaja doa. Risasi zilizowapiga kisogoni zilikuwa zimetengenezwa Ujerumani. Kwa Goebbels hilo lilikuwa balaa, ingawa maelezo yake yalikuwa ya kibiashara tu, kwamba kiwanda hicho kilikuwa kikiuza risasi nje miaka ya kabla ya vita, Urusi ikiwamo. Mpenzi wa hadithi za upelelezi hahitaji kuambiwa utamu wa ushahidi unaomgeukia yule yule aliyekuwa akiutafuta, na mwandishi aliyeandika uongo mtupu asingethubutu kuuweka, kwa kuogopa kuambiwa ametia chumvi.

Makaburi hayo yakingoja kufukuliwa, yanatokea mauaji madogo. Askari wawili wa kikosi cha mawasiliano, kile kile chenye makao yake karibu na msitu, wanakutwa wamekatwa koo baada ya kutoka danguroni. Gunther, kwa kuwa kazi ni kazi, anaanza kuuliza maswali. Hapo ndipo riwaya inapopata moyo wake, kwa maana kila anayeulizwa anaweza kumrudishia swali: kwa nini umsake muuaji wa watu wawili katika mkoa ambao Wajerumani wenzako wamekwisha kuua Wayahudi kwa maelfu bila hata jalada moja kufunguliwa? Gunther hana jibu la kuridhisha, na nampongeza Kerr kwa kutomlazimisha kulitoa. Kachero wake anaendelea na kazi kama fundi cherehani anayemalizia pindo la suruali wakati nyumba inaungua, kwa kuwa pindo ndilo jambo pekee analoweza kulinyoosha.

Kwetu Arusha swali hilo si la vitabuni. Kuanzia 1995 hadi 2015 mji huu ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na nikiwa mwanafunzi niliwahi kuketi katika nafasi ya wasikilizaji, nyuma ya kioo, visikizio masikioni, nikimsikiliza mkalimani akitafsiri kwa sauti isiyopanda wala kushuka maelezo ya shahidi kuhusu shimo na watu waliotupwa humo. Wakili alikuwa akimuuliza umbali. Ni mita ngapi kutoka barabarani hadi shimoni? Ulikuwa umesimama upande gani wa mti? Siku ile niliona ni ukatili kumuuliza mtu aliyepoteza ndugu zake habari za mita. Nilipokuwa nikisoma jinsi wachunguzi wa Katyn wanavyopima, wanavyoandika namba na kupanga karatasi zilizolowa, nilimkumbuka wakili yule na nikamsamehe, kwa sababu bila mita hizo kesho anatokea mtu na kusema shimo halikuwapo. Tofauti ni kwamba huko Katyn, mwenye kushika futikamba naye alikuwa na mashimo yake mahali pengine, na Gunther anaijua hata njia ya kufikia baadhi yake. Wasovieti walipourudisha msitu mikononi mwao waliunda tume yao wenyewe, ambayo Januari 1944 iliwatwika Wajerumani mauaji yote, na uongo huo ukadumu katika vitabu vya Moscow kwa zaidi ya miaka 40.

Makao makuu ya majeshi ya Ujerumani huko Smolensk yamechorwa kwa ustadi mkubwa. Yamejaa maofisa wa koo za kikabaila za Prussia, waliooleana vizazi na vizazi, wanaomtazama Gunther, mtoto wa Berlin mwenye ulimi mkali, kama mtu aliyeingia sebuleni na viatu vya shambani. Baadhi yao ni watu wa kweli wa historia, akiwamo Field Marshal von Kluge, na wale waliokula njama ya kumwua Hitler. Tarehe 13 Machi 1943 kweli walipakia katika ndege yake bomu lililofanywa lionekane kama chupa za pombe ya Cointreau, nalo halikulipuka. Kerr analiingiza tukio hilo katika mkondo wa hadithi bila kulifanya somo la darasani. Kilichonivutia zaidi ni kwamba hawafanyi mashujaa watu hao. Wanataka kumwondoa Hitler, ndiyo, lakini wanataka pia mashamba yao, watumishi wao na heshima ya vyeo vyao, na mauaji ya askari wawili wa kawaida ni kero kwao kuliko kitu kingine.

Sasa kasoro, kwa sababu zipo. Gunther ana mzaha kwa kila jambo, na mwanzoni nilicheka peke yangu kwenye daladala hadi jirani yangu akanitazama. Lakini mtu hawezi kufanya mzaha kila aya kwa zaidi ya kurasa 400 bila kuchosha, na kando ya makaburi kuna mahali ambapo nilitamani mwandishi amfumbe mdomo kidogo. Mapenzi yake na daktari wa uchunguzi wa maiti yananikumbusha harusi za kukimbizana na muda wa ukumbi: watu hawajafahamiana sawasawa na tayari keki inakatwa. Sadfa nazo ni nyingi mno. Kila mtu mashuhuri aliyepita Smolensk mwaka ule lazima akutane na kachero wetu korido, na baada ya kurasa 300 nilianza kukisia ni nani atafungua mlango unaofuata. Kurasa 100 za kwanza zingeweza kupunguzwa. Asiye na subira na aruke kwenda Smolensk moja kwa moja, ingawa atakosa Rosenstrasse, na hilo lingekuwa hasara.

Lawama yangu kubwa ni nyingine, na pengine ni ya mtu wa Tengeru peke yake. Wapolandi katika riwaya hii ni wafu. Ni mifupa, ni vifungo vya makoti, ni barua. Walio hai wanapita haraka, na sikumbuki kukutana na mjane hata mmoja. Ninaelewa sababu: Gunther husimulia mwenyewe, na hawezi kusimulia asichokiona. Hata hivyo msomaji anafunga kitabu akijua mengi kuhusu namna watu hao walivyouawa na machache mno kuhusu waliokuwa wakiwasubiri, wakati wengi wa maofisa hao walikuwa wa jeshi la akiba, yaani walimu, madaktari, wanasheria na wahandisi waliotoka majumbani mwao mwaka 1939 wakitarajia kurudi.

Waliowasubiri hawakuachwa nyumbani. Usiku wa kuamkia 13 Aprili 1940, wakati wanaume hao wakiendelea kupigwa risasi mmoja mmoja, Wasovieti walizikusanya familia zao mashariki mwa Poland, wakazipakia kwenye mabehewa na kuzipeleka Kazakhstan. Miaka mitatu kamili baadaye, 13 Aprili 1943, redio ya Berlin ilitangaza habari za Katyn, na ilikuwa tena 13 Aprili, mwaka 1990, Moscow ilipokiri hatimaye. Mwandishi wa riwaya akipanga tarehe hivyo, mhariri wake atamrudishia muswada. Baada ya Hitler kuivamia Urusi mwaka 1941, Stalin aliwaachilia Wapolandi waliokuwa uhamishoni. Mwaka 1942 maelfu yao walitoka na jeshi la Jenerali Anders kwenda Iran, na kutoka huko wanawake na watoto wakapandishwa meli kuja Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru, chini ya Mlima Meru, ilikuwa kubwa kuliko zote walizowekwa barani, ikiwa na watu wapatao 5,000 katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa nyasi. Kwa hiyo, katika wiki zile zile ambazo kachero wa Kerr anapekua mifuko ya makoti msituni, baadhi ya walioandika barua zilizomo huenda walikuwa hapa kwetu, wakipanda maua mbele ya vibanda na kuwafundisha watoto kusoma.

Nilipomaliza riwaya nilikwenda. Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio, daladala imejaa ndizi na watu wanaobishana bei za ndizi, na kutoka barabara kuu nilitembea kwa miguu hadi makaburini. Mlinzi alinifungulia lango, akanipa daftari la wageni nitie sahihi, kisha akarudi kivulini kwake. Mahali penyewe ni pasafi kuliko nilivyopakumbuka utotoni. Nilitembea kati ya mistari ya misalaba nikisoma majina ambayo ulimi wangu hauwezi kuyatamka, nikitafuta miaka. Jiwe moja lilikuwa la mwaka 1943. Sikuweza kufahamu aliyelala pale alikufa kabla au baada ya tangazo la Berlin, wala kama lilimhusu, na nikajikuta nafanya kile kile alichofanya Gunther msituni, kuhesabu miezi kwenye karatasi. Mlinzi aliniuliza kama nina ndugu pale. Nilimwambia hapana, nimesoma kitabu tu. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba hiyo ni sababu ya kawaida ya watu kufika pale.

Kwa hayo yote naipa riwaya hii nyota nne kati ya tano, na nyota ya tano imebaki kwa wajane. Imeandikwa kwa Kiingereza kisicho kigumu, ila imejaa vyeo na majina ya Kijerumani ambayo mwanzoni yanachanganya. Niliandika orodha fupi nyuma ya risiti na baada ya sura chache sikuihitaji tena. Ina maneno makali na picha za maiti zisizofaa kwa watoto wa shule, hata wale wanaopenda upelelezi. Mwenye mapenzi na historia ya vita vile ataifurahia kuliko mwenye kutaka tu kujua nani aliua, ingawa huyo naye hatatoka mikono mitupu, kwa maana muuaji sikumkisia, nami katika mambo haya ninajiona bingwa.

Kusema kweli, nusura nisimjue kabisa. Nakala yangu ilikuwa na jalada zuri, mgongo imara, na jina la mmiliki wa kwanza limeandikwa kwa kalamu ya wino ukurasa wa mbele. Nilipofika saa tano usiku mahali ambapo Gunther amemkabili anayemshuku, nikafunua ukurasa na kukuta gundi. Karatasi sita za mwisho zilikuwa zimeng'oka zamani. Muuzaji, nilipomrudia asubuhi, aliapa kwamba kitabu kilikuwa kizima kilipotoka mikononi mwake, akanipunguzia shilingi 1,000 katika kingine nisichokitaka. Mpwa wangu ndiye aliyeniokoa kwa kuninunulia toleo la kusomea kwenye simu, kwa bei karibu mara tatu ya ile niliyolipa barabarani. Ukiiona riwaya hii imetandazwa mahali, inunue, lakini kabla ya kutoa hela ifungue nyuma kwanza, uhesabu karatasi za mwisho bila kuzisoma.